Mbuzi wa Kiwanja cha Mama

Nilikuwa nachomelea geti la mteja, kioo cheusi usoni, niliposikia kitu kinatafuna nyuma ya karakana. Nikazima mashine, nikavua kioo. Kwenye kiwanja cha marehemu mama kulikuwa na mbuzi.

Si mmoja wala wawili, kundi zima, wanakula kichaka kama wageni walioalikwa. Mbuzi, mjini, katikati ya maghorofa! Nilidhani moto wa kuchomelea umeniharibu macho.

Kiwanja hicho kiko kati ya nyumba yangu na ya dada yangu. Tangu mama afariki tumenuniana kwa sababu ya kiwanja hicho, na hakuna aliyethubutu kukata hata jani, maana atakayefyeka wa kwanza ndiye anayetangaza kwamba kiwanja ni chake. Basi kichaka kikapanda mpaka tukawa hatuonani. Nikawa nawaambia watu afadhali. Uongo mtupu, dada yangu nilimkumbuka kila siku.

Pembeni alisimama mama mmoja mwenye buti za mvua na fimbo.

"Mama, hawa mbuzi ni wa nani?"

"Wa kampuni. Tunakodiwa kusafisha viwanja. Hawana kelele, hawanywi petroli."

"Nani amewakodi?"

"Hayo anajua bosi. Mimi nimeelekezwa kichaka tu, kaka."

Damu ikanichemka. Kumbe dada! Ameona haya kushika panga, akatuma mbuzi. Nikajisemea, leo nitakula naye sahani moja. Nikasimama na koleo mkononi, nikisubiri majani yapungue nimwone uso.

Yakapungua. Dada akatokea upande wa pili, mikono imejaa unga. Badala ya kunikunjia sura, akatabasamu. Hapo nikachanganyikiwa kabisa.

"Mdogo wangu," akasema. "Nilijua iko siku utaifungua mwenyewe."

"Nifungue nini?"

"Njia. Si wewe uliyeleta mbuzi?"

Nikisema si mimi, lile tabasamu litapotea. Nikisema ni mimi, nimedanganya. Nikaishia kukohoa.

Simu ya yule mama ikaita. Akasikiliza, akajishika kichwa. "Jamani, mtusamehe! Tumekosea kichaka. Chetu ni kile cha nyuma ya shule." Akapiga mluzi, na sisi midomo wazi, mbuzi wakaondoka wote, wa mwisho bado anatafuna.

Tukabaki tunatazamana juu ya kichaka kidogo kilichosalia katikati, upana wake kama mlango.

"Kwa hiyo si wewe," dada akasema.

"Si mimi. Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Mbuzi ningewatoa wapi?"

Hakucheka. Aligeuka akaingia ndani, akafunga mlango. Niliumia. Nilisimama na koleo langu, sielewi kichwa wala miguu: kichaka kimeliwa, na sisi tuko pale pale.

Nikaingia karakana, nikapekua chini ya vyuma chakavu mpaka nikalipata panga la mama, limeota kutu. Acha waseme nimejitangazia kiwanja. Nilipotoka nalo, mlango wa dada ulikuwa wazi. Yeye anakuja mbio, kisu cha jikoni mkononi.

"Usianze!" akapiga kelele. "Tukate wakati mmoja."

Nikashusha panga, nikamsubiri afike.