Mrija Ubavuni

Kila msimu wa kuangua jozi, zile kokwa za ganda gumu, huko milimani Hawraman kuna mtu huanguka mtini, na kila mwaka watu hushangaa kana kwamba ni jambo jipya. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Hemin. Aliangukia kifua kwenye ukuta wa mawe, na mdogo wake Zaniar, aliyekuwa tawi la juu, alisikia mbavu zikivunjika.

Sasa walikuwa ndani ya ambulansi, na kufika mjini zilikuwa bado dakika arobaini za kona tupu. Muuguzi Tavga alikuwa amempasua Hemin ubavuni na kumtia mrija mnene, damu ikimiminika kwenye chupa sakafuni. Juu ulining'inia mfuko wa damu ya watu wengine, ikimwingia mkononi.

"Dada, mnamtoa au mnamtia?" Zaniar aliuliza.

"Vyote viwili. Kaa chini, kaka, usinitie wazimu."

Tavga akageuka kutoa mfuko wa pili kwenye sanduku la baridi na kusoma lebo yake. Zaniar akaitazama chupa. Imefika nusu! Damu ya kaka yake, hivi hivi, inaishia sakafuni. Akaushika ule mrija, akaukunja, akaubana kwa nguvu zake zote. Damu ikakoma kutoka. Akamshukuru Mungu.

Hemin akaanza kutweta. Midomo ikabadilika rangi, macho yakapinduka.

"Hemin! Kuna nini tena?" Tavga akapiga magoti, akaufuata mrija kwa vidole mpaka akaikuta ngumi ya Zaniar. "Achia! Unamuua! Damu ikibaki ndani inambana mapafu, achia!"

Zaniar akaachia. Damu ikaruka chupani na Hemin akavuta pumzi moja ndefu, mbaya kuisikia. Machozi yakamlengalenga Zaniar.

"Utalia baadaye," Tavga alisema, akaunganisha mfuko wa pili na kumkabidhi. "Wa kubana ni huu. Minya, damu iingie upesi. Minya, nawe!"

Aliminya njia nzima.

Jioni daktari alitoka chumba cha upasuaji, akasema Hemin atapona. Mama yao akaikamata mikono ya Zaniar, damu ikiwa bado imeganda kwenye kucha, akaibusu mmoja baada ya mwingine.

"Yule muuguzi kaniambia, mwanangu. Mikono hii ndiyo iliyomtia ndugu yako damu."

Zaniar akaichomoa, akaificha kwapani.

"Mama," alisema, "hakukwambia yote."