Mlango wa Kushoto

Mlango wa kushoto uligoma. Mwanaarusi aliusukuma kwa kiganja, kisha kwa nyonga, na mara zote mbili ukakwama palepale, pembe ya juu imegonga nguzo ya kioo cha mbele, chini pamebaki mwanya wa kupitisha ngumi. Jana jioni mlango huohuo ulikuwa ukifunga kwa kidole.

"Imekataa?" Boru aliuliza. Alikuwa ameketi juu ya debe kwenye kivuli cha ukuta, mfuko wa spana miguuni.

"Mwango haujakataa, shemeji. Wafikiri."

"Mlango inafikiri!" Boru aliwageukia wanaume wawili aliokuja nao kubeba injini, wakacheka wote watatu.

Boru alikuwa kaka mkubwa wa Godhana, mume wa Mwanaarusi. Godhana mwenyewe alikuwa upande wa Chewele na ng'ombe waliosalia, na kabla ya kuondoka alisema mambo ya gari wayamalize wao wawili, maana yeye hataki kelele. Wakayamaliza hivi: Ijumaa hii, ikiwa gari litatoka getini likiwa kamili, milango imefungwa, Boru atanyamaza. Lisipotoka, atafungua injini aende nayo mtoni ikazungushe pampu. Boru alikuwa na haki yake. Injini ilitoka katika Volkswagen ya marehemu baba yao, na yeye alikuwa amepoteza ng'ombe karibu wote kwa maradhi yaliyofuata mafuriko. Sasa alikuwa akijifunza kulima migomba uzeeni, na mgomba hausubiri.

Ila hiyo Volkswagen ilikuwa imekaa uani miaka na miaka, kuku wanataga ndani, bila mtu kuiita mali ya ukoo. Ilianza kuitwa hivyo siku Mwanaarusi alipoifanya ingurume.

Yeye alizaliwa Kipini, binti wa fundi wa kuziba mashua za faiba. Mwenye hoteli mmoja aliagiza ng'ambo bodi ya gari katika vipande, madigadi, boneti, milango na mgongo, vyote vya faiba, vya kuvalishwa juu ya fremu ya Volkswagen. Aliviacha kwenye karakana ya mzee, akarudi kwao, asionekane tena. Mzee alipofariki ndugu waligawana vifaa, na vipande vile hakuna aliyevitaka. Mwanaarusi alivitaka. Vilipofika Garsen, alikoolewa, juu ya lori, wanawake wa mtaani walimwuliza kama amekuja kuuza masinki.

Tangu utotoni alikuwa amelainisha kwa msasa mashua za watu, mpaka vidole vikatoka damu, na hakuna hata moja iliyowahi kumpeleka mahali alipotaka yeye. Gari hili alitaka liwe lake. Alilisema wazi, mbele ya watu, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi kuliko gari lenyewe.

Sasa alichuchumaa mbele ya mlango, akafumba jicho moja. Akatazama mstari wa boneti, mstari wa kizingiti, kisha akatazama yale mapipa manne yaliyolala kando, yaliyobeba gari mpaka asubuhi ile.

Maji ya El Nino yalipoingia Garsen yalifika madirishani. Yalipotoka, hakuna mtu aliyeshusha kitu. Vitanda vilibaki juu ya mawe, magunia ya unga juu ya meza, friji ya dukani juu ya magogo, na mji mzima uliendelea kuishi ukiwa umenyanyua miguu. Mwanaarusi naye alilipandisha gari juu ya mapipa, akaunga vipande vyote huko juu, kimoja baada ya kingine, kwa miezi. Kila usiku alipolala aliwaza maji. Hakuwaza magurudumu hata siku moja. Na fremu ile, ikibebwa katikati na mapipa, hukaa vingine kabisa na inavyokaa ikibebwa na magurudumu mbele na nyuma. Leo ilikuwa imebonyea tumboni kidogo tu, na hicho kidogo kilitosha kuubana mlango.

Uso ulimwaka kwa aibu. Mtoto wa fundi!

"Nilipima gari likiwa juu," alisema, kwa sauti, ili wasije wakagundua wenyewe. "Nimekosea. Nitapima tena likiwa chini."

"Wewe nafanya mchezo na mimi? Tulisema leo."

"Na leo bado ipo, shemeji. Hata alasiri haijaadhiniwa."

Alichukua spana akaanza kulegeza bolti zinazoshikilia bodi kwenye fremu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Vipande vilivyokuwa vimekaa vizuri vikaachia, boneti ikahama, madigadi yakalegea kama meno ya mtoto. Hata Boru aliacha kucheka. Alidhani mwanamke amekasirika na anaharibu.

"Miezi yote hiyo, unavunja mwenyewe?"

"Nalegeza. Ukitaka kusaidia, ingia ukae ndani. Nataka uzito wa watu wawili, fremu ibonyee kama itakavyobonyea njiani. Wewe una mwili mzuri."

Wale wanaume wawili walicheka tena, safari hii wakimtazama Boru, na Boru hakuipenda.

"Mimi nikae ndani ya sinki ya mwanamke? Kesho watasema mpaka Golbanti."

Wenzake nao walikuwa ghafla na mengi ya kutazama ardhini. Mwanaarusi hakubembeleza. Alichukua jembe na magunia mawili, akaenda pembeni ya ua ambako mafuriko yaliacha mchanga, akaanza kujaza. La kwanza aliliburuta mwenyewe, shingo imetoka mishipa, akalisukumiza kwenye kiti cha dereva. Akarudi kujaza la pili.

Ndipo mama mkwe wake, Sabdio, alipotoka ndani akiwa na fimbo yake. Mwaka mzima hakuwa amesema neno zuri kuhusu gari wala baya. Alikuwa akilipita tu, akivuta nguo zisiguse.

"Hii mchanga ya nini?"

"Ya kukaa mahali pa mtu, mama."

"Na mtu iko wapi?"

"Hakuna anayetaka."

Sabdio aliwatazama wanaume mmoja mmoja. Kisha akalizunguka gari polepole, akampa Mwanaarusi fimbo ashike, akaingiza kwanza kichwa, halafu mguu, halafu mwili wote, akaketi kwenye kiti cha kushoto.

"Mama!" Boru alisimama. "Toka huko. Watu wanaona."

"Wakati ya maji pia waliona," Sabdio alimjibu. "Ulibeba mimi mgongoni. Kila baraza unasimama unasema, mimi nilibeba mama, na watu wanapiga makofi. Hakuna mtu anauliza mimi. Nilishika masikio yako kama mbuzi mgonjwa, nguo yangu imepanda mpaka hapa, na mji yote inaangalia. Sitaki tena kubebwa. Nataka kukaa."

Mwanaarusi aliinama haraka chini ya gari ili asionekane anacheka.

Huko chini hakukuwa na cha kuchekesha. Alikuwa na vipande vya mpira alivyokata kwenye tairi bovu, akavipachika chini ya kizingiti, katikati ambapo fremu ilikuwa imezama, kimoja, kisha cha pili juu yake. Alitoka akapitisha kipande cha ndara kwenye mwanya wa mlango, kuanzia juu mpaka chini. Ndara ilipenya vizuri chini, juu ikakwama. Akarudi. Akaongeza mpira, akapunguza, akagonga bawaba kwa kitako cha nyundo kilichofungwa kitambaa, maana faiba haigongwi kwa hasira, hupasuka.

"Mama, egemea huku kidogo."

"Mimi ni mzito?"

"Leo ungekuwa mzito zaidi ningefurahi."

Boru alikuwa amesogea karibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilimwumiza Mwanaarusi kuliko kicheko. "Migomba yangu inakauka, shemeji. Jua hii inaua. Watoto yangu hawakuli milango."

Mwanaarusi alitoka chini ya gari akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alimhurumia. Angekuwa mwongo kusema hakumhurumia.

"Nayajua yote hayo," alisema. "Nimewaona wanao. Ungekuja ukaniambia, Mwanaarusi, nimekwama, nisaidie tupate maji shambani, ningeacha kila kitu. Mikono yangu waijua. Hukuniambia. Umekuja na watu wa kubeba, ukakaa kwenye debe ungoje nishindwe, nami nakutazama kwa mato yangu. Basi sitashindwa."

Akarudi kwenye bolti. Alizikaza kidogokidogo, upande huu kisha ule, kila baada ya mzunguko akipitisha ndara. Alimaliza kushoto, akahamia kulia, na mlango ule haukumsumbua sana. Alipomaliza, aliiweka spana chini.

"Mama, sasa shuka, niujaribu kabla ya..."

Sabdio hakushuka. Alinyoosha mkono wake mwembamba, akaushika mlango wa kushoto kwenye ukingo, akauvuta. Ukafunga. Ulitoa mlio mdogo, mkavu, na ukatulia mahali pake, mwanya wa upana mmoja ukiuzunguka wote. Mama akaufungua. Akaufunga tena. Akaufungua, akaufunga, kichwa ameinamisha upande kusikiliza.

"Sawa, imefunga," Boru alisema. "Lakini haijatoka geti. Mama, shuka, sisi tufungue injini." Akapita nyuma ya gari na spana yake, akainua kifuniko cha injini, akainama.

Sabdio aliweka kiwiko dirishani, akatazama mbele.

Mwanaarusi alizunguka upande wa dereva. Alifungua, akalikumbatia lile gunia la mchanga, akalivuta mpaka likaanguka chini, likapasuka. Akakung'uta kiti kwa kanga yake, akaingia, akafunga. Nyuma alisikia chuma kikigusa nati ya kwanza.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "toa mkono."

Wale wanaume wawili, bila kuambiwa na mtu, walikuwa wamelifungua geti, kila mmoja ameshika upande wake. Nje barabara ya kwenda Minjila ilikuwa imekauka katikati, bado haijapitwa na kitu tangu asubuhi. Mwanaarusi alishika ufunguo, akangoja.