Mashine Mbili za Nyasi

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, la ukubwa wa yai la kuku, na Rozalia hakuliona kwa sababu nyasi zilikuwa zimelifunika. Alichosikia ni mlio mkali chini ya miguu yake, kama sufuria lililoanguka sakafuni, kisha mashine nzima ikaanza kutetemeka hadi meno yake yakagongana. Akazima. Ukungu wa Kilolo ulikuwa bado umelala juu ya uwanja, na alipogeuka aliona mkato mmoja tu aliokwisha kuukata, mwembamba, ulionyooka, ukikoma ghafla katikati ya nyasi zilizofika magotini.

Alishuka, akalala chini kando ya mashine, akachungulia. Kikombe kinachoshika beringi na shafti ya kisu cha kushoto kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini. Akaupapasa ule ufa kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayegusa jino linalouma.

Uwanja ule ulikuwa wa ndege. Haukuwa na lami wala abiria wenye mabegi. Ulikuwa ukanda wa nyasi mgongoni mwa kilima, ng'ambo ya hospitali ya misheni, ambapo mara moja kwa mwaka, mvua zikianza kukatika, kindege kidogo hutua kikimleta daktari wa macho na masanduku yake. Rubani hakuwa mtu wa maneno mengi, ila sharti lake lilijulikana na kila mtu: nyasi zikipita kifundo cha mguu, hatui. Mafyekeo yangeweza kupunguza urefu, lakini nyasi za kule juu zikifyekwa kwa mkono huacha vishina vigumu vyenye kukamata magurudumu. Na wazee wa vijiji vya karibu na mbali walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Miongoni mwao alikuwamo Faustina, mama mzazi wa Rozalia, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, hata chai akawa anamiminiwa.

Mashine ilikuwa trekta dogo la kukalia, lililoachwa na wamisionari walipoondoka. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lilikuwa na rangi ya ugoro. Wanaume wawili walikwisha kupewa nafasi ya kulijaribu, wa kwanza akaliingiza mtaroni, wa pili akagonga nalo mlango wa kanisa, ndipo Sista Devota, msimamizi wa hospitali, alipomwita Rozalia aliyekuwa akifagia bustani, akamkabidhi ufunguo. Tangu hapo hakuna mwingine aliyekikalia kile kiti. Rozalia aliifundisha mashine kuishi kwa vilivyopo. Betri yake ilikuwa ya pikipiki, mkanda wake ulikuwa wa mashine ya kusaga mahindi, na chujio la hewa alilikata kutoka katika godoro kuukuu. Watu wakimwomba wajaribu japo mzunguko mmoja, aliwajibu kuwa mashine ina kichaa, inamjua yeye peke yake. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Fundi wa kuchomelea alikitazama kile kikombe na kutikisa kichwa. "Hii ni aluminiamu, mama. Ikiona moto wangu inayeyuka kama samli."

Basi Rozalia akakifunga katika kitenge, akateremka Iringa, akaenda moja kwa moja Ipogolo, kwenye duka la vipuri la Mzee Umakant, ambako harufu ya mpira mpya humpokea mteja kabla ya mwenye duka. Umakant alivaa miwani, akakigeuza kikombe juu chini, akakirudisha kauntani.

"Hiki sina, mama. Na nikisema naagiza nitakuwa nakudanganya. Waliokitengeneza wenyewe wameshakisahau." Akakigonga kwa ukucha. "Ila nakijua. Mashine hizi zilikuja mbili, katika kontena moja. Marehemu baba yangu ndiye aliyezitoa bandarini. Moja ikapanda kwenu, ya pili ikaenda shamba la kahawa kule Mbalizi."

"Ya pili?" Rozalia aliuliza, na akashangaa kusikia sauti yake ikikwaruza. Miaka yote aliamini kwamba nchi hii ina moja tu.

"Shamba liliuzwa. Mwenye shamba akamwachia mashine mtu aliyekuwa akiiendesha, Sifaeli. Kila mwaka hunipigia simu kuulizia pistoni. Nami kila mwaka namwambia sina." Umakant akaitafuta simu yake mfukoni. "Ngoja nimwambie unakwenda. Lakini siahidi kitu. Yule bwana haachii hata nati."

Kesho yake Rozalia alipanda basi la Mbeya. Alipofika Mbalizi jua lilikuwa limeelemea upande wa milima, na sokoni wauza ndizi walikuwa wakifunika mikungu yao. Sifaeli alimngoja kando ya barabara, mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua.

"Kamwene," alimwamkia mara tu Rozalia alipojitaja kwa lafudhi yake ya Kihehe. Yeye mwenyewe alikuwa Mbena wa Njombe, na salamu hiyo ni ya makabila yote mawili.

"Kamwene, baba."

Hakumpeleka sebuleni. Alimpeleka bandani, akavuta turubai, na Rozalia akasimama pale mlangoni. Ilikuwa mashine yake mwenyewe, ila nyekundu. Taa zilikuwa zimefutwa, kiti kilishonwa upya kwa uzi mzito, na alipoinama kuchungulia chini aliviona vikombe vyote viwili, vizima, vimepakwa grisi safi kana kwamba kazi inaanza kesho.

"Umakant ameniambia unataka nini," Sifaeli alisema. "Lakini nikuambie ukweli, mwanangu. Hii haijafa. Injini imekwama tu. Inangoja pistoni."

Kutoka mlango wa jikoni mkewe, Evarista, alidakia, "Inangoja! Mjukuu wangu alizaliwa ikingoja, leo anaota ndevu. Kila Jumamosi mimi nafagia kuizunguka kama kaburi la chifu."

Sifaeli alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa, akifuta mahali palipokuwa pasafi.

Rozalia alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Njia nzima, Mafinga na Makambako, alikuwa akiyapanga: atamweleza habari za wazee, atamtaja mama yake, akibidi atalia. Lakini alipoutazama ule mkono uliokuwa ukifuta, akayaweka kando. Aliujua mkono ule. Angekuja mtu Kilolo akaomba kufungua nati moja ya mashine yake, angemwonyesha njia ya kurudi alikotoka.

Wakanywa chai. Akamsimulia habari za kindege na daktari, bila kupamba. Sifaeli alisikiliza huku akizungusha kikombe chake mezani. Mwishowe akauliza jambo ambalo Rozalia hakulitarajia.

"Uwanja wenyewe una urefu gani?"

"Ukisimama huku, mtu aliye kule mwisho humtambui."

"Na maua? Kuna maua katikati?"

"Hakuna hata ua moja, baba. Nyasi tupu."

Sifaeli akashusha pumzi. "Mimi nilikata kuzunguka maua umri wangu wote. Waridi la mama mwenye shamba huku, mti wake wa kigeni kule. Nikijisahau kidogo, naitwa kibarazani. Sijawahi kwenda mbele bila kukunja kona."

"Njoo uzikate wewe," Rozalia alisema.

Hakujua maneno yale yalitoka wapi. Alitamani kuyarudisha kinywani hata kabla mzee hajainua uso. Lakini Sifaeli alikuwa amekwisha kusimama, akitafuta spana.

"Kikombe kimoja sikupi," alisema akiwa amepiga magoti bandani. "Utakuja kuhangaika tena. Chukua bakuli zima la chini, vikombe vyote pamoja na visu vyake."

Nati ya mwisho ilipolegea, alikaa, kiganja kimelala juu ya kiti kilichoshonwa. Evarista alikuja kusimama nyuma yake, na safari hii hakufanya mzaha. Alimwekea mkono begani.

Waliondoka asubuhi na lori la viazi, bakuli la chuma likiwa limefungwa kwa kamba juu ya magunia. Sifaeli alikuwa akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini, na Rozalia alikuwa akitafuta visingizio vya kumzuia asikalie kile kiti. Angeweza kusema breki za mashine ni mbovu. Angeweza kusema Sista haruhusu wageni. Makambako, palipokuwa na baridi ya kukata masikio, mzee alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akampa nusu kubwa.

"Unajua ninachokumbuka zaidi?" alimwuliza. "Si mashine yenyewe. Ni kwamba nikikaa pale juu, kelele ile ilinifunika. Hata wakiniita, siwasikii. Ulikuwa wasaa wangu."

Rozalia alitafuna mahindi yake akitazama nje. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, wala hakudhani lina maneno ya kuliambia. Tangu Makambako hakutafuta tena kisingizio.

Kazi ya kufunga iliwachukua hadi siku iliyofuata. Waligombana kidogo kuhusu mkanda. Sifaeli aliutaka ukazwe zaidi, Rozalia akamwambia wa kusagia ukikazwa sana hukatika, wakajaribu alivyotaka mzee, ukakatika, wakafunga mwingine kwa kadiri ya Rozalia. Visu vilipozunguka bila kutetemeka, wote wawili wakacheka kwa pamoja, kicheko cha ghafla kilichowatoa manesi nje.

Rozalia akauvua ufunguo shingoni. Ulikuwa na joto la kifua chake. Akampa mzee, naye akapanda, akajiweka sawa, akavuta pumzi kama mtu anayeingia majini, akaondoka.

"Umempa mgeni?" Sista Devota aliuliza, akiwa haamini.

"Si mgeni, Sista. Ni mwenzangu."

Hakuwa na la kufanya pale uwanjani, na kusimama bila kazi kulimtia aibu. Akatembea hadi nyumbani, kumwogesha mama yake na kumtayarishia nguo ya kuendea kwa daktari. Alimkuta Faustina kibarazani, ameelekeza uso kule mlio ulikotoka.

"Huyo si wewe," mama alisema kabla hajaamkiwa.

"Umejuaje, mama?"

"Macho yamefungwa, masikio yafanye nini? Wewe ukifika kule mwisho unageuka kwa hasira, kama mtoto aliyeitwa na hataki kuja. Huyu anageuka kama mtu anayeaga."

Rozalia akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mbona hukuniambia hata siku moja?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ukiwa juu ya kile kiti unamsikia nani?"

Rozalia, aliyekuwa ameshaleta maji ya kuogea, akaliweka beseni chini. Maji yangepoa kidogo, haidhuru. Akaketi kwenye mkeka, bega kwa bega na mama yake, wakati mlio ukienda mbali, ukisinyaa, hadi ukawa kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu. Harufu ya nyasi mbichi ikawafikia ikiwa na baridi ya bondeni.

"Tulia sasa," mama akanong'ona, akimshika mkono. "Anakaribia kugeuka."