Mende wa Bwana Taratibu

Mende alitokeza chini ya mlango wa jikoni akiyumba kama mlevi wa mchana. Mama, pasi mkononi, akamwambia, "Hee! Leo hata wewe umechoka?"

Mama huyu alikuwa dobi wa nyumbani. Tangu asubuhi alikuwa akinyoosha mashati ya watu, jasho likimtiririka, jicho lake moja halibanduki dirishani. Pale, kwenye mche wa mlimau uliopandwa ndani ya ndoo, aliishi kinyonga wa binti yake, Bwana Taratibu. Mama alimwogopa kama moto. Siku alipoletwa aliapa hatalala naye nyumba moja. Lakini binti huyo, Kitinda, mwanawe wa mwisho, alilia hadi kwikwi, na mama akalegea.

Binti ndiye aliyemtafutia panzi na kumnyunyizia maji majanini, maana kinyonga hanywi kisahanini, hulamba matone. Leo asubuhi alichelewa shule, akatoka mbio.

"Mama, panzi wamekwisha, nitamletea jioni! Na ile dawa yako ya mende, chonde chonde, usiipulize humu!"

"Nimekusikia, mama yangu. Nenda!"

Na kweli hakuipuliza humu. Aliipuliza jikoni, akafunga mlango kama sisi sote tufungavyo, akijua dawa imebaki huko.

Sasa kinyonga alimtupia jicho moja, la pili likikagua dari. Mama akaona kama anaulizwa. Mwenzake ana njaa, na chakula kimejileta chenyewe. Akajikaza kisabuni. Akambana mende kwa kibanio cha nguo, akanyoosha mkono, uso kaugeuzia ukutani.

Ulimi ukachomoka. Tap!

Mama akapiga ukelele, kisha akacheka. "Kumbe hata kwangu unakula! Ngoja mwenyewe arudi, ataona wivu."

Shati alilokuwa akilinyoosha halijaisha, rangi ya kijani ikaanza kumtoka kinyonga. Akawa mweusi kama masizi. Mguu wa nyuma ukaachia tawi. Kisha mkia. Hapo ndipo harufu ya dawa kutoka jikoni ilipomfika mama puani.

Binti, aliporudi kutoka shule, alimkuta amepiga magoti mbele ya ndoo, viganja viwili chini ya kinyonga, pasi nyuma yake inaunguza shati la mtu.

"Mama! Umemshika?"

"Alikuwa anaanguka."

"Kapatwa na nini?"

Mama angeweza kusema joto. Neno lilishamfika ulimini. "Nimempa mende," akasema. "Wa jikoni. Nilipuliza dawa kule, mwanangu. Sikukumbuka kwamba mende anatembea."

Kitinda alichomoa pasi, akafungua madirisha yote, akachukua chupa ya kunyunyizia nguo.

"Hii hujawahi kuitia dawa?"

"Maji tu. Haki ya Mungu."

Akamdondoshea tone mdomoni. Likateleza. Jingine nalo likateleza.

"Alikula mkononi mwangu," mama akanong'ona. "Nilifurahi, basi tu..."

"Nyamaza, mama. Usitikisike."

Hakutikisika. Mteja alibisha hodi, akabisha tena, akaenda zake. Tone jingine likaning'inia kwenye ncha ya chupa. Kiganjani, kiguu chembamba kikakikamata kidole cha mama, kikalegea, kikakamata tena. Jasho lilimwingia machoni, asithubutu kupepesa.