Taya Lililokwenda na Maji

"Hiki kimevunjika leo," dokta Nabintu alisema, akikigeuza kwa kibanio chini ya kioo chake cha kukuzia. Kilikuwa kipande cha taya la mjusi wa kale, kidogo kuliko punje ya mchele, rangi ya chai. Ila pale kilipokatika palikuwa peupe. "Mama Feza, upande mwingine iko wapi?"

Nilijua uliko. Ulikuwa njiani kwenda mto Lualaba.

Miaka na miaka nimeosha dhahabu Salamabila. Mikono yangu ina dini moja tu: kizito kibaki, chepesi kiende. Nabintu, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Bukavu, alikuja kuchimba udongo wa pango upande wa Kabambare, akaniajiri niuoshe. Alinionya mara tatu: mama, hapa ni kinyume, mifupa ni myepesi, usimwage kitu. Nikaitika. Lakini asubuhi ile wenzangu walinizunguka mtoni, Aicha anasimulia harusi iliyovunjika kwa ajili ya kitenge, nami nacheka hadi machozi. Mikono ikazungusha karai, ikainamisha, ikamwaga. Nilikiona kitu chembamba chenye meno kikipinduka juu ya maji. Nikanyoosha vidole. Kikaenda.

Sasa Nabintu alinieleza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Kuna mijusi ambao meno yao hukaa juu ya ukingo wa taya kama kuku juu ya ukuta. Wengine meno yao huuegemea ukuta kwa ndani. Kipande hiki cha nyuma kilichobaki hakikuwa na jino hata moja. Bila kile cha mbele, hawezi kumpa mnyama wake jina.

"Ni Salomon," nikasema. "Alianguka na mifuko ya udongo pale darajani. Aliniomba nisiseme."

Salomon, mwendesha pikipiki wetu, mgane asiye na maneno mengi, alikuwa hapo hapo akifunga kamba za mpira. Aliinua macho.

"Kama Mama Feza anasema," akajibu. Basi.

Kesho yake dokta alipanda pikipiki ya mtu mwingine. Nami, badala ya kunyamaza, kisa nikakitia chumvi. Kwangu hapakosi wageni, na wageni wanataka kucheka. Nikambandika jina: Mwaga-Mifupa. Likashika hadi kwa watoto wa barabarani, wachuuzi wakaacha kumpa mizigo. Salomon akahamia Nyangwe.

Mwaka jana nilimkuta soko la Kasongo akiuza samaki. Nilitaka kupita upande wa pili. Yeye ndiye aliyeniita.

"Mama Feza! Karibu, karibu. Watoto wako muzuri?"

Tukasalimiana kirefu, kama watu. Kisha nikaanza: "Papa Salomon, ile siku..."

"Nilikuona," alisema, akifukuza nzi. "Nilikuwa pale juu, ninaosha pikipiki."

"Na haukusema?"

"Kwako kuna watu kumi na tano kila jioni, mama. Kwangu iko mimi na redio. Nani angenisikia?"

Akanifungia samaki wawili katika jani. Nikakataa, akanisukumia kifuani. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia jirani aliyehama:

"Na ule mujusi? Walimupatia jina?"

"Hapana," nikasema. "Waliandika tu: mjusi."

"Masikini," akasema Salomon, akamgeukia mteja mwingine.