Kitu Alichokiacha Melkiori

Aliyebuni kompyuta ile hakuwahi kupoteza kitu anachokipenda. Apolonia hakuwa na shaka na hilo. Alifungua dirisha, likafunikwa na dirisha, nalo likafunikwa na jingine, na yote yalimng'ang'ania kwa swali lilelile: jina la faili? Angelijua jina, angehangaika kutafuta?

Mumewe, Melkiori, ndiye aliyeitumia mashine hiyo kabla yake, kwenye ofisi ya mradi mmoja hapo Ifakara. Malaria ilipomzidi alimwambia, "Mama Noela, nimekuachia kitu kwenye kompyuta. Utakiona." Hakusema wapi. Alipozikwa, mradi ukampa mjane kiti chake. Sasa kompyuta mpya zilikuwa zimefika, na ile kuukuu ingefutwa kila kilichomo jioni hiyo.

"Shikamoo mama," alisema Gosbert, fundi wa ofisi, akiingia. "Umekipata?"

"Marahaba. Wapi! Hivi nyie mafundi, kwa nini kompyuta mliifanya kama meza ya ofisi, mafaili yametandazwa juu yake? Mtu na mumewe wanawekeana vitu mezani?"

"Ulitaka iwe nini, mama?"

"Dungu."

Gosbert alicheka, lakini mama wa watu hakuwa anatania. Msimu wa kuamia ndege kule Lupiro, yeye na Melkiori walihamia shambani, kwenye kibanda cha juu ya nguzo. Ukikwea dungu unauona mpunga wote kwa mara moja. Anayeshuka humwachia anayepanda chakula kando ya moto, kimefunikwa, na hakuna anayeulizwa jina la chungu. Kompyuta yake ingekuwa hivyo: unapanda, unakaa, inakuonyesha nani alikuwapo kabla yako na amekuachia nini.

"Basi nakunywa chai, nikirudi naifuta," alisema Gosbert kwa upole, akatoka.

Siku nyingine Apolonia naye angeinuka, na angekizima kioo kwanza. Alikulia kwenye mwanga wa koroboi, na kwao taa haiachwi ikiwaka bila mtu. Hata akienda msalani alikizima, na akirudi vidole vilianza kazi kabla hajakaa vizuri. "Wewe hujui kupumzika," Melkiori alizoea kumtania.

Leo hakuinuka. Aende wapi? Noela ameolewa Mahenge, majirani zake wa Lipangalala wamevuka mto kwenda mashambani, na nyumbani kuna sahani moja tu ya kuosha. Aliweka mikono mapajani akalia, akalia mpaka akachoka.

Kitambo kikapita. Madirisha yote yakatoweka, kioo kikawa cheusi. Nayo imekufa, aliwaza.

Ndipo maneno makubwa ya njano yakaanza kupita polepole kutoka kulia kwenda kushoto: MAMA NOELA, LEO UMEKAA. CHAKULA KIPO, NIMEKUFUNIKIA.

Yakaisha. Yakarudi tena.

Gosbert alimkuta ameduwaa. Akasoma. "Haya huja yenyewe mashine ikiachwa bila kuguswa," alisema. "Aliyaandika mwenyewe. Ukigusa tu, yanaondoka."

"Yalikuwa humu siku zote?"

"Siku zote, mama. Hii siifuti leo."

Apolonia alitamani kuyashika yale maneno, hata kwa ncha ya kidole. Akaikalia mikono yake.