Zamu ya Eedo

Nunow hakuwa na ngamia. Hakuwa na meno mawili ya mbele, maana beberu mmoja aliyatoa kwa pembe zamani sana. Hakuwa na sauti nene, wala mhuri, wala kiti chake barazani, wala mke wa kumwambia "sawa" mara ya kwanza. Hata fimbo aliyotembea nayo ilikuwa ya shemeji yake. Lakini katika kijiji cha Bula Jilaal, kando ya mto Tana, chini kidogo ya mji wa Garissa, hakuna aliyenywesha hata mwanambuzi kabla Nunow hajainua fimbo ile.

Yeye ndiye aliyegawa zamu kwenye desheg. Desheg ni bwawa ambalo mto huliacha nyuma ukisha kufurika na kurudi mkondoni mwake, na kwa mfugaji bwawa hilo ni ghala. Asubuhi walikunywa mbuzi, jua likipanda walikuja ng'ombe, na mchana ilikuwa zamu ya ngamia, hata wale wa wageni waliotembea kutoka pande za Hulugho. Watu waligombana, wakatukanana, wakaapa, lakini maji yaliwatosha. Neno la Nunow lilijulikana: mwenye kiu hafukuzwi, hupangwa.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Mto ukapanda mpaka ukalala milangoni mwa watu, na uliporudi ulimwacha kiboko jike na mtoto wake ndani ya desheg. Kijiji kilimwita Eedo, yaani shangazi, kwa sababu alikuja na mtoto bila kualikwa, akachukua mahali pazuri kuliko pote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ataondoka lini. Mchana alizama, yakabaki masikio. Jua likitua alitoka kwa njia yake moja kuelekea mtoni, kula majani. Watu walijifunza kukaa mbali na njia ile saa hizo, na mambo yakaenda vizuri mpaka Yahye alipopanda matikiti.

"Amemaliza mistari yote ya upande wa mto!" Yahye alilalamika kwenye ukumbi wa msikiti baada ya sala ya alasiri. "Tena anachagua. Yaliyoiva anakula, mabichi anakanyaga."

"Basi anajua matikiti kuliko wateja wangu," akasema Abdiwali mwenye duka, watu wakacheka.

"Cheka, Abdiwali. Siku akianza sukari yako tutacheka wote." Yahye akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandikia ofisi ya wanyamapori mjini, na jibu lilikuwa limefika. Askari wangekuja Jumatatu na bunduki, isipokuwa kama mwenye malalamiko angeandika tena kuyafuta.

Nunow akaiegemea fimbo. Tangu apewe fimbo hakuwa amemfukuza aliyefika majini na kiu, sasa huyu wa kwanza angefukuzwa kwa risasi, na mtoto wake akitazama.

"Yahye," akasema, "mwenye kiu hafukuzwi."

"Adeer," akajibu Yahye, akimwita ami kwa heshima, "huyu hana kiu. Ana njaa, tena ya matikiti yangu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Nunow naye akacheka ingawa hakutaka. Kisha akasimama. "Tumzibie njia. Asipofika shambani, utaifuta barua yako?"

"Nikiona," akajibu Yahye.

Mfugaji wa kwetu akipatwa na jambo hukata miiba. Fisi akija, miiba. Ng'ombe wa jirani wakivamia, miiba. Wakati mwingine nadhani hata homa tungeizungushia boma kama tungejua inapita wapi. Kesho yake wanaume wakakata matawi ya mgunga na kuyasukuma ndani ya njia ya Eedo, ambayo kwa kukanyagwa na kuburutiwa tumbo ilikuwa imezama ardhini kama hori refu, kutoka bwawani mpaka ukingo wa mto. Wakalijaza hori lile vizuri. Jioni Eedo alifika, akanusa, akapiga chafya kubwa, akarudi akazunguka upande wa pili kutafuta majani mengine. Asubuhi matikiti yalikuwa salama, na Nunow alitembea kijijini kama mtu mwenye meno yote.

Ijumaa Ramla muuza maziwa alirudi kutoka Garissa na vibuyu vitupu na habari njema. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani na Tana ilikuwa imegeuka nyekundu. Wote walijua maana yake. Mto ukipanda, hata kidogo, desheg hupata maji. Jumamosi alfajiri wakateremsha mifugo yote, wakasimama kungoja.

Mto ulipanda. Waliusikia ukinguruma. Desheg haikupata hata tone.

Jua likapanda, ng'ombe wakalia, tope la pembeni likaanza kupasuka. Katikati Eedo alikuwa amebaki mgongo wazi, mtoto wake amejibanza ubavuni.

"Ameyanywa!" akapiga kelele Yahye. "Tazameni tumbo lile! Mnadhani kuna nini mle ndani, dua?"

"Wallahi huenda ni kweli," wengine wakasema, na hata Abdiwali hakutania. "Jumatatu ni mbali. Askari waitwe leo."

Nunow aliinua fimbo, lakini hakuna aliyeitazama. Alijua kwamba bwawa likikauka hakutakuwa na zamu ya kugawa, na kwamba Eedo asingeifikia Jumatatu.

Hapo ndipo waliposikia sauti ya Hawo, mkewe.

Hawo hakuwa amekuja kungoja maji. Alikuwa na chungu cha maharage na hana kuni, na tangu Jumatano alikuwa ameyapigia hesabu matawi makavu yaliyorundikwa bure kwenye njia ya kiboko. Alikuwa upande wa mtoni akivuta tawi moja nene, na tawi lilipong'oka, likang'oka pamoja na magugu, tope na kandambili ya mtu wa mbali.

"Nunow!" alipiga kelele huku akija mbio na tawi lake, guo limelowa mpaka magotini. "Nunow, mto unanifuata!"

Kweli ulikuwa unamfuata. Ulimi mwembamba wa maji mekundu ulikuwa ukiteleza ndani ya hori, ukisimama kwenye kila fundo la miiba kama mgeni anayebisha hodi. Watu wakakimbia wote, wakavuta matawi kwa mikono mitupu huku wakilaani na kucheka, na Yahye akachomwa kidole akawatukana mababu wa miti yote. Uzibo wa mwisho ulipotoka, maji yalishuka bwawani kwa kishindo. Mbuzi walisahau zamu. Eedo alizama taratibu, yakabaki masikio.

Nunow akaketi ukingoni, akitweta. Alikuwa akikumbuka. Zamani, kabla ya El Nino, bwawa lilipata maji mto ulipopandwa na wazimu tu. Tangu Eedo aje, hata mto ukipanda kidogo maji yaliingia, nao wakamshukuru Mungu bila kuuliza alimtuma nani.

"Yahye," akaita. "Sheria ya kisima inasemaje? Nani hunywa kwanza?"

"Aliyekichimba. Hata mtoto anajua."

"Na mfereji huu, nani aliuchimba? Wewe? Abdiwali?"

Yahye alitazama hori, lenye upana wa tumbo moja nene. Akatazama masikio majini. Akanyonya kidole chake.

"Yaani nishindwe kesi," akasema polepole, "na mtu asiye na ukoo?"

"Ana ukoo," akasema Hawo. "Huoni mtoto?"

Basi ikapangwa papo hapo. Kuanzia magharibi mpaka alfajiri njia ni ya Eedo, na mtu akipita huko asilaumu yeyote. Miiba ile ikazungushwe kwenye matikiti, ambako ingalipaswa kuwa tangu mwanzo. Hawo alidai tawi lake moja, akapewa.

Jumapili asubuhi Yahye aliketi juu ya gunia dukani kwa Abdiwali, kidole kimefungwa kitambaa, akaandika. Alichana karatasi ya kwanza kwa kuwa Nunow alisema imejaa manung'uniko. Ya pili ilisema kwamba kiboko wa Bula Jilaal ndiye mwenye mfereji wa kijiji, kwamba malalamiko yamefutwa, na kwamba askari wakipenda kuja bila bunduki watakaribishwa tikiti.

"Moja," akasisitiza Yahye. "Andika moja."

"Unaandika wewe, Yahye," akasema Nunow.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa joto, kwa hiyo Nunow akabandua utomvu kwenye mgunga, akaulainisha mdomoni kwa meno aliyobakiwa nayo, akaipaka bahasha na kuikandamiza kwa kidole gumba. Ramla alikwisha kufunga vibuyu vyake, na gari la mjini lilikuwa likipiga honi. Akaichukua barua, akaipuliza ikauke, akaitia ndani ya shuka lake upande wa kifuani, akapanda.